Bafu lililokuwa halipitishi maji, na waya wa hanga

Bafu letu halikuziba kwa siku moja. Mwanzoni maji yalikuwa yakisita kidogo kabla ya kuzama, baadaye yakaanza kufunika vidole vya miguu, na mwezi uliopita mtu wa tatu kuoga asubuhi alikuwa akisimama katika maji machafu ya wenzake yaliyomfika kwenye vifundo. Siku moja nilimwaga ndoo ya lita 20 nikiwa na saa mkononi, nikakuta imechukua dakika 7 kuisha.

Tunaishi Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga ambayo maji yake ni ya kisima na yana chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu upesi. Badala ya povu hutokea utando mweupe unaonata, nami sikuwahi kufikiria kwamba utando huo nao unaelekea bombani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia dawa. Nilinunua kostiki soda kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikavaa glavu, nikaimimina usiku na kusuuza asubuhi kama maelezo yalivyotaka. Tulipata nafuu ya siku mbili tu. Kwa hasira nilitaka kuongeza dawa ya choo yenye asidi, lakini mke wangu akanishika mkono, na alikuwa na haki, kwa sababu asidi na kostiki zikikutana huchemka na kuweza kumrukia mtu usoni. Maji yanayotokota pia niliyaacha, maana bomba letu ni la plastiki, ambayo hulegea kwa joto kali.

Baada ya siku kadhaa za kupitisha maji mengi, ili kostiki yote iondoke, niliamua kufungua kichujio. Kilishikwa na skrubu mbili, moja ikiwa imeliwa na kutu hata bisibisi ikawa inateleza. Niliidondoshea mafuta ya kupikia, nikanywa chai, nikarudi, ikakubali. Kwa tochi ya simu niliona maji yaliyotuama kwenye kona ya bomba, ile ambayo mafundi huiita trapu. Maji hayo si tatizo, kwani ndiyo yanayozuia harufu na mende wa kwenye chemba wasipande ndani.

Nilinyoosha hanga ya waya, nikakunja ncha yake kwa koleo kuwa ndoano ndogo isiyozidi upana wa ukucha, kisha nikaiingiza taratibu. Niligundua haraka kwamba kusukuma hakusaidii, kwani uchafu husogea mbele tu na kukaza zaidi. Kinachotakiwa ni kuzungusha waya mpaka uhisi umeshika, halafu kuvuta polepole. Mara ya nne kilitoka kitu cha kijivu, kinachoteleza, kirefu kama kiganja na vidole vyake, chenye harufu ya yai viza. Nilikifumua juu ya gazeti: nywele, pini moja, kipande cha pakiti ya shampuu, na zaidi ya vyote nyuzi za rasta za binti zetu, zote zimegandishwa pamoja na ule utando mweupe wa sabuni. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini dawa ilishindwa. Kostiki hula nywele za mtu na mafuta, lakini rasta ni plastiki, nayo ilibaki pale ikishika kila kilichopita.

Nilivuta vipande vingine viwili vidogo, kisha nikatumia pampu ya mpira yenye mpini wa mti, baada ya kuziba tundu la sinki kwa kitambaa kibichi ili upepo usitorokee huko. Ndoo ile ile ya lita 20 iliisha kwa sekunde zisizofika 40.

Sasa chini ya kichujio kuna kipande cha wavu wa dirishani, na binti zetu husuuzia rasta kwenye beseni, ingawa kwa manung'uniko. Skrubu inayofanana na ile iliyoharibika sijaipata, kwa hiyo kichujio kinashikwa na moja tu, jambo ambalo limenirahisishia kazi: kila Jumamosi nakizungusha pembeni, natoa nywele za wiki nzima, nakirudisha.