Nilivyoacha sponji ya kijani: maua ya meza kwa waya wa kuku

Mtindo wa maua unaopendwa sasa ni wa kulegea: matawi yanainama, kuna nafasi kati ya ua na ua, kimo hakilingani. Sponji ya kijani ya kushikilia mashina ya maua, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1950, inabana mtindo huo, maana mashina laini hayaichomi vizuri. Tena ni plastiki ya fenoli na fomaldehaidi. Ikimomonyoka inabaki chembechembe zisizooza. Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza, iliipiga marufuku kwenye maonyesho yake kuanzia 2021. Mimi nilirudi kwenye waya wa kuku, ambao Constance Spry, mpangaji maua maarufu wa Uingereza, alikuwa akipangia maua London tangu miaka ya 1930.

Kwa bakuli la kipenyo cha sentimita 20 na kina cha 12 nakata waya wenye matundu ya sentimita 5, kipande cha 40 kwa 40. Vaa glovu. Ukunje uwe kama mpira uliolegea, kisha uusukumie bakulini. Lengo ni shina lipite kwenye matundu mawili au matatu, juu na chini. Tundu moja tu halilishiki, linaegemea upande. Ukiukunja kwa kuubana sana, mashina manene ya waridi hayapiti na unaanza kuyavunja. Funga juu kwa tepu isiyopitisha maji, mistari miwili ya msalaba. Ukingo wa bakuli uwe mkavu kabisa wakati wa kubandika, la sivyo tepu inabanduka njiani na mpangilio wote unazunguka.

Mambo mengi huharibika kabla ya kupanga. Mawaridi ya Naivasha au Arusha yanafika yakiwa yamekaa safarini bila maji, na hewa imeingia kwenye mashina. Nakata sentimita 2 hadi 3 kwa mshazari, natoa majani yote yatakayoguswa na maji, halafu nayaacha kwenye ndoo safi mahali pa baridi kwa saa nne angalau. Usiku kucha ni bora zaidi. Waridi likiinamisha kichwa, usilitupe haraka: likate tena, ulizamishe kwenye maji ya vuguvugu kwa saa moja. Mara nyingi linasimama. Ndoo yenye utelezi ndani ni adui mkubwa, kwa sababu bakteria ndio wanaoziba mirija ya shina.

Maji ya bakuli nayatengeneza hivi, kwa kila lita: kijiko kimoja cha chai cha sukari, viwili vya maji ya limau, na nusu kijiko cha jiki. Limau liingie kwanza na likorogwe, jiki iwe ya mwisho. Usichanganye jiki na limau bila maji. Hutoa gesi mbaya.

Naanza na majani, matawi tisa au kumi, ndiyo yanayochora umbo na kuficha waya. Kisha mawaridi 15, mengine yakishuka hadi kwenye ukingo, mengine yakipanda. Maua madogo yanaingia mwisho. Safarini nabeba bakuli likiwa na maji nusu, najaza ukumbini hadi sentimita 2 chini ya ukingo. Baada ya saa mbili rudi uangalie: katika joto la Dar es Salaam au Mombasa maji hushuka haraka kuliko unavyodhani, na shina fupi likibaki hewani ua lake ndilo la kwanza kulala.

Friji nayo ina masharti. Waridi linapenda nyuzi 2 hadi 4, lakini maua ya nchi za joto kama anthuriamu na helikonia zikikaa humo zinageuka nyeusi; hizo zisishuke chini ya nyuzi 12 au 13. Mrehani vilevile hauvumilii baridi. Ndizi mbivu na maembe yasikae chumba kimoja na kanesheni, maana gesi inayotoka kwenye matunda huzikunja petali.

Mrehani nautumia sana, kwa sababu harufu yake inamfikia mgeni kabla hajaketi. Asumini ni jambo jingine. Wasusi wa vikuba wa Pwani, vile vishada vya maua ya kunukia, wanajua kuwa hufunguka jioni, na ifikapo asubuhi limeshachoka, kwa hiyo haliingii kwenye waya mchana. Nachukua machipukizi ya alasiri, nayafunika kwa kitambaa kibichi, nayamwaga kuzunguka bakuli wageni wanapokaribia.

Kwenye tao la mlangoni waya mtupu hautoshi, maana hakuna bakuli la maji. Hapo najaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ndani ya waya uliokunjwa kama soseji. Yaloweke na uyasuuze mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe. Ukipuuza hilo, rangi ya kahawia inachuruzika juu ya kitambaa cheupe. Hata hivyo makumbi hayashiki maji sawasawa na sponji, basi hapo naweka maua magumu tu, na yale yenye kiu nayapa kila moja kichupa chake cha maji chenye kifuniko cha mpira.

Shughuli ikiisha, waya unaoshwa na kukaushwa juani kabla ya kuwekwa. Ukiuhifadhi ukiwa na majimaji unashika kutu, na kutu hiyo itachafua bakuli la kioo safari ijayo.