Angepewa zamu mbili mfululizo: nilivyojizoeza kuona vitisho kwenye sataranji

Kabla sijagusa kete, najiuliza: mpinzani wangu angepewa zamu mbili mfululizo, hii ya pili angeitumiaje? Sheria haimruhusu, lakini kumruhusu kichwani hufichua mengi.

Chukua mtego ambao karibu kila anayeanza hukutana nao. Askari wa nyeupe yuko e4, wa nyeusi e5 (herufi ni safu ya wima ya ubao, namba ni safu ya mlalo ikihesabiwa kutoka upande wa nyeupe). Askofu wa nyeupe ametoka hadi c4, farasi wa nyeusi yuko c6, kisha malkia wa nyeupe anatua h5. Mpe zamu nyingine: anakula askari wa f7 aliye kando ya mfalme, askofu anamlinda malkia asiliwe na mfalme, mchezo umekwisha. Mwenye haraka huona tu kwamba malkia anamtazama askari wa e5, na kwa kuwa farasi tayari anamlinda, anastarehe. Askari wa g akisogea hadi g6, malkia anafukuzwa. Akirudi f3, swali linaulizwa upya, kwa sababu f7 iko hatarini tena. Farasi wa pili wa nyeusi akiingia f6 njia inazibwa.

Swali hilo peke yake halikunitosha. Nililiongezea la pili: kete iliyosogea, au itakayosogea, inafungua nini nyuma yake? Hapa mfano ninaoupenda ni huu. Pande zote mbili zimetoa askari wa e na farasi wa upande wa mfalme. Farasi wa nyeupe anakula askari wa e5, farasi wa nyeusi anajibu kwa kula askari wa e4. Nyeupe anamweka malkia e2. Farasi wa e4 anatishiwa, na mkono unawasha kumrudisha f6. Akirudi tu, farasi wa nyeupe anaruka kutoka e5 hadi c6: mstari wa e unafunguka, malkia wa nyeupe anampa mfalme cheki, yaani anamshambulia moja kwa moja, na farasi huyohuyo anamshika malkia wa d8. Mfalme ataokolewa, malkia hapana. Nyeusi anayelijua hilo humweka malkia wake e7, anaacha farasi aliwe, kisha kwa askari wa d6 anadai farasi wa e5. Anapungukiwa askari mmoja tu.

Farasi ndiye aliyenisumbua kuliko wote, maana hazibwi na chochote na akiwa katikati ana miraba minane ya kurukia. Dawa niliipata kwenye rangi. Kila akiruka hubadilisha rangi ya mraba, kwa hiyo mruko wake ujao unaweza kushika kete mbili zilizo kwenye rangi ileile anayosimama sasa. Farasi wake akiwa kwenye mraba mweupe, naangalia kwanza mfalme wangu, malkia na ngome zilizo kwenye miraba myeupe. Kazi inapungua sana.

Mazoezi yenyewe hayana mbwembwe: narudia michezo yangu nikiwa nimegeuza ubao, nakaa upande wa mpinzani na kutafuta cheki zake zote, kisha kete anazoweza kula, halafu mengine. Wakati wa kujizoeza niliacha michezo ya dakika chache, kwani saa inakukimbiza usiulize lolote. Na si kila tishio nalijibu kwa kujilinda: kama ananyemelea askari wa pembeni nami nina chekimeti karibu, yaani cheki ambayo mfalme wake hana pa kuikwepa, namwachia ale.