Oganoidi za utumbo kwenye chipu: chunga viputo

Oganoidi ya utumbo, yaani utumbo mdogo wa mfano unaokuzwa maabara kutokana na seli, ni kifuko kilichofungwa. Upande unaopokea chakula uko ndani, hivyo dawa ukiimwaga nje haiufikii. Ndiyo maana tunaivunja vipande vidogo na kuvipanda kwenye mfereji wa juu wa chipu (kifaa kidogo chenye mifereji myembamba ya kupitisha majimaji), kwenye utando wenye matundu uliopakwa kolajeni na Matrigel, protini zinazosaidia seli kushika. Viache vishike usiku kucha, kisha fungua mtiririko wa midia (majimaji ya kulishia seli): mikrolita 30 hadi 60 kwa saa.

Adui mkubwa ni kiputo cha hewa. Kikipita kinazing'oa seli. Pasha midia hadi nyuzi 37, kisha uitoe hewa kwa pampu ya kunyonya.

Na jamani, chipu za PDMS (aina ya mpira wa silikoni) hunyonya dawa zinazopenda mafuta. Pima kiasi kinachotoka, usitegemee kipimo ulichoingiza.