Akida Aliyejua Maana ya Amri

Kila ninaporudi kwenye sura ya 8 ya Mathayo, humstaajabia yule akida wa Kapernaumu, mtu wa Mataifa, yaani asiye Myahudi, mwenye askari chini yake, ambaye hakutaka Yesu asumbuke kufika nyumbani kwake, bali aliomba neno moja tu litamkwe ili mtumishi wake apone. Aliitambua mamlaka kwa sababu yeye mwenyewe aliishi chini ya mamlaka: akiamriwa hutii, na akiamuru hutiiwa. Mimi, nakiri, mara nyingi huomba huku nimekwisha kuamua jibu ninalolitaka, kisha huuita ukaidi huo imani. Luka anaongeza kwamba akida huyo aliwajengea Wayahudi sinagogi, lakini sifa hiyo walimsemea wazee. Yeye alijiona hastahili.