Presha ya oili pale Uyole

Tajiri wa lile lori alikuwa ameshaambiwa kwa simu kwamba injini ifunguliwe. Gereji moja njiani ilimpa hesabu nzima: pampu ya oili, beringi za krenki, na kazi ya kushusha injini. Dereva naye alikuwa ameshapewa lake: oili hakupima, kwa hiyo gharama atakatwa kwenye posho. Ndivyo alivyotufikia Uyole, Mbeya, mwaka 2016, mzigo wa salfa kwenye treila ukienda migodini Kongo, uso umemshuka. Alikuwa mtu mzima mwenye familia, na gereji nzima tulimwonea huruma.

Mimi wakati huo nilikuwa najifunza kazi kwa fundi tuliyemwita Mzee. Mara nyingi nilishika taa na kuosha vyuma. Siku ile alinipa mita ya umeme.

"Shikamoo Mzee. Taa nyekundu ya oili inawaka, mshale unaanguka mpaka chini, gari inakata nguvu."

"Marahaba. Inawaka wapi?"

Dereva akaonyesha dashibodi. Mzee akatikisa kichwa. "Barabarani, dereva. Inawakia wapi?"

Ilianza Kitonga, kwenye kona za juu, gari ikiwa gia nzito. Alipomaliza mlima na kuingia Ilula taa ikazima yenyewe na nguvu zikarudi. Baada ya Iringa iliwaka kwenye vilima viwili vitatu, ikazima. Balaa lilikuwa kupanda Inyala kuja Uyole; pale nusura asimame katikati ya barabara na malori mengine nyuma yake.

Kwa fundi anayesikiliza, maelezo hayo yalitosha kuitilia shaka ile hesabu ya gereji. Pampu ya oili iliyokufa haifufuki kwa kufika tambarare. Beringi zikiisha, presha huanguka zaidi injini ikiwa moto na iko sailensa, haijakanyagwa mafuta. Hii ilikuwa inaanguka mlimani, injini ikizunguka vizuri, halafu inakaa sawa. Mzee akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena: oili imefika karibu na alama ya juu. Hakusema neno, alimpa dereva akishike aone mwenyewe.

Akachomeka kompyuta ya kusomea hitilafu. Kumbukumbu ya gari ilitoa namba 100, 102 na 94, na kila moja ikifuatwa na 4. Malori mengi makubwa ya kisasa huzitumia namba hizi kwa maana ileile: 100 ni presha ya oili, 102 ni presha ya hewa inayotoka kwenye tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, 94 ni presha ya mafuta. Namba ya pili ndiyo inayosema tatizo ni la namna gani, na ndiyo ambayo watu wengi hawaisomi. Oili ingekuwa imepungua nguvu kweli, 100 ingekuja na 1. Ile 4 inasema umeme unaorudi kutoka kwenye sensa, yaani kifaa kinachopima presha na kutuma jibu kwa waya, umeshuka chini ya kiwango. Sensa za aina ile hulishwa volti 5, na hata pasipokuwa na presha yoyote hurudisha kama nusu volti. Ikirudisha sifuri kabisa, haizungumzii oili tena.

Na sensa tatu haziugui dakika moja. Zilichangia kitu kimoja tu: waya wa kuzilisha hizo volti 5.

Hata hivyo Mzee hakukimbilia waya. Alifungua sensa ya oili, akafunga mahali pake geji ya mshale, ile ya kusukumwa na oili yenyewe, haina umeme wala kompyuta. Tukaiacha injini ipate moto. Sailensa mshale ulikaa chini kidogo ya baa 2, ukikanyaga unapita 4. "Piga picha umtumie tajiri wako," Mzee akamwambia dereva. Mkono wa dereva ulitetemeka mpaka picha ya kwanza ikatoka na ukungu.

Swichi ikawashwa bila kuwasha injini. Presha ya hewa ya tabo ikasoma kilopaskali 82. Fundi mwenzetu akasema hiyo sensa imekufa, Dar es Salaam anaona 101. Lakini Dar iko usawa wa bahari, na Uyole ni zaidi ya mita 1,700, hewa ni nyepesi. Mzee akafungua ukurasa wa sensa ya hewa ya nje: nayo 82. Sensa ilikuwa nzima, tena inasema kweli.

Kisha akaniambia nishikilie ncha za mita kwenye plagi ya sensa ya oili, nisome kwa sauti, nisiinue macho. Tano. Tano. Yeye akawa anautikisa wayaringi taratibu, akianzia kwenye kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Tano. Alipofika chini ya bomba la hewa nikasema sifuri, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua. "Usisogee," akasema. Akaushikilia pale pale, fundi mwenzetu akachomoa plagi za sensa nyingine, moja baada ya moja. Kama sensa mojawapo ingekuwa inashoti, volti zingerudi ikichomolewa. Hazikurudi.

Tukakata mkanda mweusi. Ndani waya mmoja mwembamba ulikuwa umechubuka urefu wa ukucha, shaba inang'aa, na kwenye bati la kushikilia bomba palikuwa na mstari mweupe uliosuguliwa. Klipu ya kuuweka mbali haikuwepo. Aliyefungua pale mara ya mwisho hakuirudisha. Injini hukaa juu ya mipira, na ikivuta mzigo mlimani hujipinda upande mmoja. Ikijipinda, shaba inagusa bati, sensa tatu zinanyamaza, kompyuta inapunguza nguvu kuilinda injini. Sensa mpya zingefungwa zote na Inyala ingezinyamazisha vilevile. Nimeona watu wakinunua sensa namna hiyo mpaka leo, na inaniuma, maana bei zake si mchezo.

Mzee aliunga waya kwa lehemu, akauvalisha mpira, akafunga klipu mpya. Tukateremka na mzigo wote hadi Inyala, tukageuza, tukapanda. Mimi nilikaa katikati na kompyuta mapajani. Oili ilibaki juu ya 4 mlima mzima, hewa ya tabo ikapanda ilivyotakiwa, taa haikuwaka.

Tulipofika juu dereva alipiga simu, akampa Mzee aongee na tajiri mwenyewe. Mzee alieleza kuhusu waya, kisha akasema, "Na oili ilikuwa imejaa, nimeipima mimi. Huyu kijana wako usimkate kitu." Tajiri akauliza kama gari inaweza kulala Tunduma. Mzee akamjibu inaweza.