Nicolas Mahut si 70-68 peke yake

Wiki hii mawazo yangu yako kwa Nicolas Mahut, mchezaji tenisi wa Ufaransa, na kero yangu ni ileile: ukimtaja tu, watu wanakurukia na "yule aliyefungwa 70-68". Ni kweli alifungwa. Na Mmarekani John Isner, kwenye mashindano ya nyasi ya Wimbledon 2010, London, uwanja namba 18, saa 11 na dakika 5 zilizotawanyika siku tatu. Seti ya tano, ndiyo hiyo ya 70-68, peke yake ilikula zaidi ya saa 8, na ubao wa matokeo ukagoma kwenye 47-47 kwa sababu haukuandaliwa kuhesabu kupita hapo.

Kinachosahaulika ni nani alikuwa anapiga servisi (mpigo wa kuanzisha pointi) lini. Wapigaji hupokezana kila gemu, na Isner ndiye aliyeanza seti ile, ambayo wakati huo haikuisha hadi mmoja azidi kwa gemu mbili. Kwa hiyo kuanzia 5-4, kila Mahut alipopiga servisi alikuwa nyuma kwa gemu moja, na kupoteza gemu hiyo kulikuwa kupoteza mechi. Aliokoa gemu 64 za namna hiyo mfululizo, kutoka 4-5 hadi 67-68. Ya 65 ndiyo iliyomshinda: akiwa wavuni, Isner akampitishia bakihendi kando ya mstari. Ukijumlisha pointi zote, Mahut alipata 502, Isner 478. Nitakuwa mgumu hapa: huyo hakuzidiwa uwezo.

Mbona mechi haikuisha mapema? Uchovu humwonea mpokeaji kuliko mpigaji. Servisi unaipiga ukiwa umesimama, mpira uko mkononi mwako, na kasi yako unaipanga mwenyewe. Kupokea kunadai miguu iliyo macho: hatua moja ikichelewa, raketi inaugusa mpira pembeni. Kwenye nyasi, ambako mpira unateleza na kubaki chini, pengo hilo linakuwa kubwa zaidi. Ndiyo maana wawili wale walifikisha servisi zaidi ya 200 zisizoguswa (Mahut 103, Isner 113). Wala Mahut hakuwa mgeni wa mambo hayo. Kwenye michujo ya mashindano yaleyale alikuwa ameshashinda seti ya mwisho 24-22.

Ufundi wake hasa ulikuwa servisi na kukimbilia wavuni, ambao wachezaji wa kizazi chake wengi waliuacha. Ukimtazama kwa utulivu unaona mpangilio. Anaurusha mpira mbele kidogo ya mwili ili mguu utue ndani ya uwanja. Hatua tatu hivi za haraka, kisha kahatua kadogo ka kusimama kwa miguu yote miwili, sekunde ileile raketi ya mpinzani inapogusa mpira. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wakisimama kwa kuchelewa, mpira unawakuta bado wanakimbia, unatua miguuni, na voli (mpigo wa mpira kabla haujadunda) inayopigwa kutoka chini lazima ipande juu, yaani zawadi kwa mpinzani. Mahut alikunja magoti badala ya kuinamisha kichwa cha raketi, hakuivuta raketi nyuma, na voli ya kwanza aliizamisha ndani kabisa karibu na mstari wa nyuma. Ya kumalizia ni ya pili, si ya kwanza. Asiye na subira ya kungoja voli ya pili asiende wavuni.

Mchezo wa aina hiyo una kodi yake. Msimu wa nyasi ni wiki chache tu kwa mwaka, na kwingine mpira unaruka juu, mpokeaji anapata nafasi ya kuuzungusha ukashuka ghafla miguuni mwa aliye wavuni. Mataji yake manne ya mchezo wa mmoja mmoja yote ni ya nyasi: 's-Hertogenbosch mara tatu (2013, 2015, 2016) na Newport 2013. Mwaka 2007 kwenye mashindano ya Queen's, London, alibakiza pointi moja tu ashinde fainali dhidi ya Andy Roddick, ikamponyoka. Nafasi yake ya juu kabisa duniani ilikuwa ya 37.

Lakini kwenye mchezo wa wawili wawili kodi hiyo inageuka faida. Yeye na Mfaransa mwenzake Pierre-Hugues Herbert walipenda mpango ambao aliye wavuni anachuchumaa katikati, karibu na mstari wa kati, huku mwenzake akipiga servisi juu ya kichwa chake. Wanakubaliana kabla ya pointi: huyu anarukia upande gani, yule anafunika upi. Mpokeaji haoni pengo liko wapi hadi ameshapiga. Mpango huu unavunjika kwa sababu mbili, servisi kwenda pembeni wakati ilitakiwa ipite katikati, au aliye wavuni kuondoka mapema na kujifichua.

Kwa ufundi huo walichukua US Open 2015, Wimbledon 2016, Roland Garros 2018 na Australian Open 2019, mataji yote manne makubwa, kisha wakarudia Roland Garros 2021. Juni 2016 Mahut akawa namba 1 duniani kwa wawili wawili, akiwa na miaka 34. Wiki chache baadaye akabeba kombe la Wimbledon, klabu ileile wanakomtajia 70-68. Alitundika raketi mwaka 2025, akiwa na miaka 43.

Na matokeo kama yale hayawezi kujirudia. Tangu 2022 seti ya mwisho ya mashindano yote manne makubwa ikifika 6-6, wanacheza pointi za kuamua, wa kwanza kufika 10 kwa tofauti ya mbili.