Chatu wangu aligoma kula, kumbe ni baridi ya Nakuru

Wiki tano namwekea panya, anampita kana kwamba ni kipande cha gogo. Kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) ninacho, kabla hamjauliza. Ni chatu mpira, wale wa Afrika Magharibi wanaojiviringa wakiogopa. Mdogo bado, gramu 140.

Nilidhani anaumwa. Kumbe kosa ni langu: tangi kubwa la kioo, wazi pande zote, sebuleni, na taa moja juu. Usiku mmoja nikaacha kipimajoto ndani. Alfajiri kilisoma 19. Julai ya Nakuru haina mchezo, na chatu akikosa joto hawezi kusaga chakula.

Nikamhamishia kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko, nikatoboa matundu kwa msumari wa moto. Chini ya upande mmoja nikaweka mkeka wa joto wenye themostati (kidhibiti joto): nyuzi 32 huko, 26 upande wa pili. (Bila themostati utamchoma tumbo, hapo usibane pesa.) Kila upande pango la kubana la kujificha. Stima ikipotea, chupa ya maji moto iliyofungwa taulo.

Siku saba sikumgusa. Ya nane, saa mbili usiku, nikachukua panya wa gramu 18 wa friza, barafu imeshayeyuka, nikampasha kwa maji moto, nikamshika mkia kwa koleo. Ulimi ulichomoza mara mbili, halafu pa! Mama watoto, aliyekuwa amesimama mlangoni, alirudi jikoni bila neno.